Nyuzi zimepanda: pima kwanza, tupa ije mwisho

Lalamiko linaloletwa karakana kuliko yote ni hili: nyuzi ziko juu, vidole vinauma. Fundi mwenye haraka ana jibu moja. Anachomoa mfupa wa darajani, anausugua kwenye msasa, anaurudisha. Nyuzi zinashuka na mwenye gitaa anaondoka akitabasamu. Miezi miwili baadaye amerudi na tatizo lile lile, na safari hii mfupa hauna tena cha kusuguliwa.

Mfupa haukuwa na kosa. Nyuzi hupanda kwa sababu kuna kitu kimehama mahali pake: shingo imepinda, uso umevimba, daraja linabanduka, au shingo nzima imelala mbele pale inapoungana na mwili. Kila moja ina dawa yake, na dawa ya hili ni sumu ya lile. Kwa hiyo tupa na msasa vikae kabatini mpaka rula imalize kusema.

Maelezo haya ni ya gitaa la mbao la nyuzi sita za chuma. La nailoni tutalitaja linapotofautiana. Na kwa kuwa majina ya sehemu hubadilika karakana hadi karakana, tuelewane: mfupa wa kichwani ni kile kipande chenye mifereji sita kati ya kichwa na ubao wa freti, mfupa wa darajani ni ule mwembamba uliosimama juu ya daraja, lile pande la mbao lililogundishwa usoni ambako nyuzi hushikiliwa. Uso ni ubao wa mbele wenye tundu la sauti, na freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza ubao wa shingo. Tunauita mfupa hata ukiwa wa plastiki.

Vya kupimia

Rula ya chuma yenye alama za nusu milimita, ambayo sifuri yake inaanzia ukingoni kabisa. Rula nyingi za shule huanzia milimita tano ndani, hazifai hapa. Utahitaji pia kitu kilichonyooka kweli cha sentimita 50 hivi. Pimamaji la alumini linafaa ukishalisugua juu ya msasa uliobandikwa kwenye kioo cha dirisha. Chukua filageji, vile vibapa vya chuma ambavyo mafundi magari hupimia nafasi za valvu. Kioo kidogo cha kujipodolea na taa ndogo inayoingia kwenye tundu la sauti vitakuonyesha usiyoyaona kwa nje.

Klampu ndizo zinazosumbua. Za kawaida za seremala hazifiki darajani kupitia tundu la sauti. Unahitaji zenye koo la sentimita 16 hadi 20, na tatu ndio idadi ya chini. Zisipopatikana dukani, fundi wa kuchomelea atakutengenezea kwa chuma bapa cha mm 25 × 6 na boliti ndefu. Mwambie pembe ziwe na kiraka cha kuzuia kujikunja, la sivyo klampu itafunguka kama mdomo kila ukikaza.

Kupima

Kaza nyuzi zote kwenye sauti yake sahihi kabla ya kupima chochote. Seti ya chuma ya 12–53 (unene wa uzi wa kwanza na wa sita kwa elfu za inchi) hulivuta gitaa kwa takriban kilo 73. Ukilipima likiwa limelegea, unapima gitaa jingine.

Kwanza, urefu wa nyuzi kwenye freti ya 12, kutoka mgongo wa freti hadi tumbo la uzi. Uzi wa sita, ule mnene, uwe karibu mm 2.5, wa kwanza karibu mm 1.8. Anayepiga kwa kuchapa nguvu mpe mm 2.8 na 2.0. Gitaa la nailoni huhitaji mm 4 na mm 3, kwa hiyo mtu aliyezoea gitaa la umeme atalalamikia nailoni isiyo na ubaya wowote.

Pili, mpindo wa shingo. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya 14 kwa mwingine. Uzi sasa ni rula iliyonyooka. Tazama nafasi kati yake na freti ya saba: mm 0.15 hadi 0.25 ni sawa. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa takriban mm 0.1, kwa hiyo karatasi mbili zipite bila kuusukuma uzi. Zikipita nne au tano, shingo imejikunja kuelekea nyuzi. Isipopita hata moja, imejikunja kinyume, na nyuzi zitakuwa zinapiga kelele kwenye freti za mwanzo.

Tatu, uso. Laza rula kwa upana nyuma ya daraja, ikae katikati. Uso mzuri huwa na tumbo dogo la makusudi, hivyo mm 2 hadi 3 za mwanga kila upande si ugonjwa. Ukiona mm 6, kuna kinachoachia ndani. Kisha chukua karatasi ile ile uichomeke chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Ikiingia zaidi ya mm 2 au 3, daraja limeanza safari.

Nne, mlalo wa shingo. Laza pimamaji juu ya freti, katikati ya shingo, ncha yake ifike darajani. Ncha inapaswa kugusa sehemu ya juu ya mbao ya daraja au kupita juu yake kidogo. Ikigonga ubavu wa daraja mm 2 au zaidi chini ya ukingo wa juu, shingo imelala. Kipimo hiki hakina maana mpaka shingo yenyewe iwe imenyooka, kwa hiyo rekebisha la pili kwanza ndipo upime la nne.

Andika namba zote kwenye karatasi pamoja na tarehe. Tarehe ina kazi: mbao huvuta unyevu. Gitaa linaloletwa Dar es Salaam au Mombasa katikati ya masika huwa limevimba uso, na nusu milimita ya nyuzi zake ni ya mvua. Ukiikata kwenye mfupa, kiangazi kikija nyuzi zitalala juu ya freti. Dodoma ni kinyume chake: hewa kavu husinyaza mbao kwa upana, uso hushuka, ncha za freti huchomoza pembeni zikikwaruza kiganja, na uso unaweza kupasuka kufuata mshipa wake. Gitaa lililosafiri kutoka pwani kwenda bara, au kinyume chake, liache karakanani siku tatu nne kabla ya kuliamini.

Shingo iliyojikunja

Shingo nyingi za nyuzi za chuma zina chuma ndani kinachokazwa kwa funguo ya L ya pembe sita, mara nyingi ya mm 4 au 5. Tundu lake huwa kichwani chini ya kifuniko kidogo, au ndani ya tundu la sauti chini ya ubao wa freti. Hakikisha funguo inakaa mpaka chini. Funguo iliyoingia nusu hula pembe za nati, na nati iliyoliwa ndani ya shingo ni kazi ya siku nzima.

Kukaza kuelekea kulia hunyoosha shingo dhidi ya mvuto wa nyuzi. Kulegeza huiachia ijikunje. Zungusha robo mzunguko, tyuni upya, ngoja dakika kumi, pima. Kama chuma ni kigumu, legeza nyuzi kwanza, saidia shingo kwa mkono kwenda unakotaka, ndipo ukaze. Ikifika mzunguko mmoja kamili bila mabadiliko, acha: ama chuma kimekatika, ama nati imefika mwisho wa meno yake.

Chuma hiki ni cha kunyoosha shingo tu. Wapo wanaokitumia kushusha nyuzi, na nyuzi kweli hushuka kidogo, lakini shingo iliyonyooshwa kupita kiasi huanza kupiga kelele kwenye freti ya kwanza hadi ya tano, halafu mtu anaanza kusugua freti ambazo hazina kosa.

Magitaa mengi ya nailoni hayana chuma hiki. Hapo ndipo unapokutana na ajali inayojirudia kila mji: gitaa la nailoni lililofungwa nyuzi za chuma kwa sababu zilipatikana kirahisi. Nailoni huvuta karibu kilo 40. Umelipa mzigo unaokaribia mara mbili. Shingo itajikunja, daraja litanyanyuka, na kama gundi ni nzuri kuliko mbao, daraja litaondoka na ngozi ya uso. Vua nyuzi hizo kabla ya kuzungumza bei.

Daraja linalobanduka

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo makosa ya mafundi wengine yanapokungoja.

Usisukume gundi kwenye ufa kisha ukabana. Ndani ya ufa kuna gundi ya zamani iliyokauka, na gundi mpya ya mbao haishiki juu yake. Inataka mbao tupu. Supa gluu nayo hushika kama jiwe kwa wiki chache, kisha hupasuka kwa mpigo kwa kuwa haina mnyumbuko, tena huwa imeingia kwenye nyuzinyuzi za uso ambako gundi nyingine haitakaa tena. Daraja lililoanza kubanduka hutolewa lote.

Kabla ya kutoa, angalia ndani kwa kioo. Magitaa mengi ya bei nafuu yana boliti mbili zilizofichwa chini ya vidoto vyeupe vya daraja. Fundi asiyezijua hupasua uso akivuta daraja ambalo limefungwa kwa nati.

Toa mfupa wa darajani, maana wa plastiki utayeyuka. Kata kadibodi yenye dirisha la umbo la daraja, ifunge kwa karatasi ya alumini, ilaze juu ya uso ilinde vanishi. Chukua kipande cha chuma au alumini chenye ukubwa wa daraja, kipashe moto juu ya pasi mpaka tone la maji lichemke likigusa, kilaze juu ya daraja dakika tatu hadi tano. Rudia mara mbili. Gundi nyingi za mbao hulegea joto likipita nyuzi 65 hivi. Hiyo pia ndiyo sababu madaraja mengi hubanduka: gitaa limeachwa ndani ya gari lililofungwa juani.

Ingiza skrepa nyembamba ya mpaka rangi, ambayo pembe zake umezisugua ziwe duara na kingo umezilainisha. Ipashe moto kidogo. Anzia kona ya nyuma iliyokwisha kuachia, ilaze sambamba na uso, isukume taratibu. Usikite kama tindo na usinyanyue kama mtaimbo. Tazama kinachotoka: ukiona nyuzinyuzi nyeupe za mbao zikinyanyuka pamoja na daraja, simama, mshipa wa mbao unazama upande huo. Nenda upande wa pili. Kama kijipande kimeng'oka, kitoe kwenye daraja kwa wembe na ukigundishe mahali pake kabla ya kuendelea.

Daraja likishatoka, kwangua gundi ya zamani kwa patasi kali iliyosimamishwa wima, ukivuta kama mkwanguo. Kitambaa cha maji moto yenye siki kidogo hulainisha gundi nyeupe. Usitumie msasa kwenye uso. Msasa hula kingo haraka kuliko katikati, unabaki na kilima kidogo ambacho daraja litakalia kama mashua iliyopwelewa. Chini ya daraja lenyewe msasa unaruhusiwa: tandaza msasa wa namba 80 juu ya uso, mahali pale pale daraja linapokaa, ulisugue mara chache ili lichukue umbo la tumbo la uso. Pangusa vumbi.

Utakuta kwenye magitaa ya kiwandani kwamba vanishi iliingia chini ya daraja, wakati mwingine mm 5 kuzunguka pande zote. Kumbe daraja lilishikwa na theluthi mbili tu ya eneo lake. Liweke daraja mahali pake, chora kwa penseli kali, kisha kwangua vanishi mpaka karibu na mstari, ubakize nusu milimita. Ukitumia kisu kuweka mpaka, kisu kikate vanishi tu. Mkato ukiingia kwenye mbao ya uso ambayo unene wake ni mm 3 au pungufu, umechora mstari ambao uso utavunjikia.

Mahali pa daraja hapakisiwi. Kama alama ya zamani ipo na gitaa lilikuwa na sauti ya kweli, ifuate. Kama haipo, pima kutoka mfupa wa kichwani hadi katikati ya freti ya 12, uzidishe kwa mbili. Gitaa lenye mm 322.5 lina urefu wa mm 645. Lakini mfupa wa darajani haukai hapo hasa: uzi unapobonyezwa huvutika na sauti hupanda kidogo, kwa hiyo huongezwa urefu wa kufidia. Kwa nyuzi za chuma ongeza karibu mm 2 kwa uzi wa kwanza na karibu mm 5 kwa uzi wa sita; ndiyo maana mfupa huo umekaa mshazari. Kwa nailoni fidia ni ndogo, na mfupa huwa umenyooka.

Bana bila gundi kwanza. Ndani unahitaji kipande cha mbao ngumu chenye mifereji inayoruka mihimili, ile inayoushika uso kwa ndani kama mataruma yanavyoshika jahazi. Kizungushie selotepu pana kisigande. Juu ya daraja weka kipande kingine chenye umbo la mgongo wake, na mabawa ya pembeni yabanwe kwa vikabari vidogo. Boliti mbili za mm 5 zilizopakwa nta, zikipita kwenye tundu la pini ya kwanza na ya sita (pini ni vile vijiti vinavyobana ncha za nyuzi darajani), zitazuia daraja kuteleza gundi ikiingia. Jaribu zoezi lote mara mbili, ukihesabu dakika. Kwenye joto la nyuzi 32 gundi ya mbao inakupa kama dakika nne.

Kuhusu gundi: ile ya njano ya seremala, isiyo ya kuzuia maji, inatosha na ndiyo tunayoishauri pwani. Gundi nyeupe ya kawaida huteleza polepole chini ya mzigo wa kudumu. Gundi ya ngozi ya kupashwa moto ni nzuri sana mahali pakavu, lakini unyevu wa pwani huidhoofisha na isipotunzwa huota ukungu. Epoksi inashika, sawa, ila anayekuja kulitoa daraja hilo baada ya miaka kumi atakulaani.

Daraja la mpingo lina jambo lake. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini na una mafuta yanayopanda juu, gundi inayaogopa. Pangusa upande wa chini kwa asetoni kwenye kitambaa cheupe mpaka kitambaa kisitoke na rangi nyingi, na gundisha ndani ya dakika kumi na tano.

Paka utando mwembamba pande zote mbili. Weka, bana klampu ya katikati kwanza, kisha za pembeni. Kaza mpaka gundi itoke kama shanga ndogo kuzunguka, halafu acha. Ukikaza kwa hasira unaifukuza gundi yote. Ondoa iliyotoka kwa mrija wa soda uliokatwa mshazari, unaoifagia na kuimeza kwa pamoja, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu. Acha klampu saa 24. Nyuzi zisubiri saa 24 nyingine, na kipindi cha mvua ongeza siku, kwa sababu gundi hii hukauka kwa maji yake kuingia kwenye mbao na hewani, na hewa ikiwa imeshiba hayana pa kwenda. Mteja mwenye harusi Jumamosi akileta gitaa Ijumaa, mwazime jingine.

Kabla ya kufunga, papasa mihimili yote ndani huku ukigonga uso kwa kifundo cha kidole. Mlio mkavu wenye mtetemo kama wa sahani iliyopasuka ni mhimili ulioachia. Sukuma gundi kwa kipande chembamba cha plastiki, endesha mhimili juu na chini ili gundi inyweke, bana. Ufa wa uso nao hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo: gundi kwa kidole huku ukipampu kutoka ndani, kisha viraka vya mbao laini vya mm 2 kwa sm 1.5, mshipa wake ukikata ufa, kimoja kila sentimita 4 au 5. Uso wa plaiwudi haupasuki hivyo, bali tabaka zake huachana chini ya daraja. Bonyeza, ukisikia unabonyea kama ngozi yenye lengelenge, gundisha tabaka kabla ya daraja.

Shingo iliyolala

Kama kipimo cha nne kimeanguka na mengine yako sawa, pembe ya shingo imebadilika. Dawa ya kweli ni kuitoa shingo, kuchonga kisigino, yaani ile sehemu nene ya shingo inayokutana na mwili, kuirudisha. Hesabu yake ni fupi: kwenye gitaa la mm 645 ambalo shingo inaungana na mwili kwenye freti ya 14, kutoka kiungo hadi mfupa wa darajani ni karibu mm 287. Kisigino chenye kina cha mm 95, ukitaka mstari wa freti upande mm 3 darajani, utaondoa 3 × 95 ÷ 287, yaani mm 1 kwenye ncha ya chini ya kisigino, ikififia hadi sifuri juu.

Shingo iliyofungwa kwa boliti hutoka kwa spana na joto kidogo chini ya ulimi wa ubao, ile ncha ya ubao wa freti iliyolala juu ya uso. Iliyoungwa kwa mkia wa njiwa, kiungo cha mbao kilichopanuka nchani kisichomoke, hutolewa kwa mvuke: ng'oa freti ya 15, toboa tundu la mm 2 kupitia mfereji wake hadi kwenye uwazi wa kiungo, ingiza mvuke kwa mpira mwembamba. Gitaa la bei ya chini lililogundishwa kwa epoksi usilianze. Hapo mwambie mwenyewe ukweli: gharama inazidi gitaa. Nafuu yake ni kuliranda daraja mm 1 au 2, bila kulifikisha chini ya mm 6, pamoja na nyuzi nyepesi za 11–52.

Freti

Hewa ya bahari huzitia kutu ya kijani, lakini kutu ni ya kufuta tu kwa sufi laini ya chuma (stili wuli), ukiwa umefunika mbao kwa tepu ya karatasi. Tatizo ni mabonde chini ya nyuzi na freti zilizonyanyuka. Chukua kitu cha chuma chenye ukingo ulionyooka kinachogusa freti tatu kwa mpigo. Kikicheza kama kiti chenye mguu mfupi, ya katikati imepanda. Igonge kwanza kwa nyundo ya plastiki. Huenda imenyanyuka tu kwenye mfereji wake.

Kusawazisha: shingo inyooshwe kabisa bila nyuzi, paka kila freti wino wa kalamu nene, pitisha mhimili wa alumini wenye msasa namba 320 kwa urefu wa shingo mpaka wino utoweke kwenye migongo yote. Freti zitabaki bapa juu, na freti bapa hutoa sauti yenye mchakacho na isiyo kamili. Zirudishe mgongo wa duara kwa tupa ndogo ya pembe tatu ambayo kingo zake umezisugua zisile mbao, ukibakiza mstari mwembamba wa wino katikati. Kisha msasa 400, 600, 1000, 2000. Freti mpya huwa na mm 1 au zaidi kidogo. Ikishabaki mm 0.6, badilisha.

Mifupa, sasa ndiyo zamu yake

Anza na wa kichwani. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, tazama juu ya freti ya kwanza. Uzi uwe karibu kugusa, nafasi pungufu ya karatasi moja. Ikiwa kubwa, gitaa litauma freti za mwanzo hata kama freti ya 12 iko sawa, na kodi ya F, ile ya kubana nyuzi kwa kidole kimoja kwenye freti ya kwanza, itakuwa adhabu. Tupa maalumu za mifereji ni ghali. Seti ya vijiti vyenye meno ambavyo mafundi wa gesi husafishia midomo ya tochi zao za kuchomelea inafanya kazi hiyo vizuri, kwa kuwa kila kimoja ni duara na kina unene wake. Mfereji uteremke kuelekea kichwani, sehemu yake ya juu kabisa iwe ukingo wa upande wa freti. Ukiteremka kinyume, uzi utavuma kama nyuki ndani ya kopo. Ukizidisha kina, jaza unga wa mfupa kwa tone la supa gluu, hapa ndipo mahali pake halali, uanze upya.

Mfupa wenyewe usinunue kama buchani wako anauza muundi wa ng'ombe. Chukua sehemu ya kati ya muundi, ndiyo nene na ngumu. Kwangua uboho, uache kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga saa kadhaa bila kutokota kwa fujo, badilisha maji mpaka yasiwe na macho ya mafuta, kausha kivulini wiki mbili. Mfupa wenye mafuta huwa wa njano na laini, na sauti yake ni ya uvivu. Kata kwa msumeno wa chuma ukiwa umevaa barakoa, vumbi lake si la kuvuta.

Halafu wa darajani. Ukitaka uzi ushuke mm 1 kwenye freti ya 12, mfupa upungue mm 2, kwa kuwa freti ya 12 iko nusu ya njia. Chora mstari wa penseli chini ya mfupa, sugua upande wa chini kwenye msasa namba 150 uliolazwa juu ya kioo, ukishika katikati ili usiinamishe. Uache mm 2 angalau zikichomoza juu ya daraja, vinginevyo uzi hauna pembe ya kuukandamiza na sauti hufifia. Kama kuna kipaza sauti chini yake, upande huo uwe bapa kweli, la sivyo uzi mmoja utapiga kelele na jirani yake atanong'ona.

Mwisho, sikiliza. Piga uzi kwa kugusa tu juu ya freti ya 12, kisha ubonyeze freti hiyo hiyo. Sauti ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, ncha ya mfupa chini ya uzi huo isogezwe nyuma, kuelekea pini. Ikiwa chini, isogezwe mbele. Upana wa mfupa wa mm 3 unakupa nafasi ya kutosha kwa kuuchonga mgongo tu. Pima upya freti ya 12 baada ya saa 24, andika namba mpya kwenye karatasi ile ile, uibandike ndani ya mwili wa gitaa panapoonekana kupitia tundu la sauti, fundi atakayelifungua baadaye aikute.